Msiusiribe Kwanza Ukuta wa Mama

Ruangwa mjini

Kwa dada yangu Mwanahawa,

Nakusalimu wewe na wote wa hapo Kilimarondo. Kula unakula, dada, au bado unawasukumia wanao sahani yako? Nakujua, ukiwa na huzuni tumbo unalifunga. Mimi mwili ni mzima, ila moyo haujatulia.

Najua wapo wanaosema Somoe hakuja kumzika mama yake. Habari ilinifikia mama ameshalala kaburini. Mvua zilikuwa zimekata njia, kila dereva akakataa, nikakaa stendi na kifurushi changu mpaka mama lishe mmoja akanishika mkono akanirudisha nyumbani. Hilo nitakufa nalo.

Kazi ni ileile niliyokueleza, kwa mpiga picha Bwana Rashidi. Maharusi wa siku hizi hawatosheki kupigwa wao tu. Wanataka na picha ya pete peke yake, viatu, mkufu, mikono yenye hina. Mimi ndiye ninayepaka rangi vitambaa vya kutandika chini ya vitu hivyo. Nawamba kitambaa cha marekani kwenye fremu ya mbao, naipaka uji mwepesi wa muhogo ikaze, ikikauka ndipo naitia rangi. Lakini rangi ya dukani ilitusumbua, inameta kwenye fleshi hadi pete haionekani. Ndipo nikamwomba mama ule udongo wake mwekundu wa bondeni, aliokuwa akisiribia kuta za nyumba. Aliyeuleta alinieleza kwamba mama alicheka, akasema, "Mtoto kaenda mjini kutafuta rangi, sasa anaagiza matope." Hata hivyo akaujaza kwenye mfuko na kuupakia kwenye lori la korosho. Hicho ndicho kitu cha mwisho nilichopata kutoka mkononi mwake.

Baada ya msiba niliuchanganya wote. Sikutumia brashi. Nilikipaka kitambaa kwa vidole, nusu duara juu ya nusu duara, kama magamba ya kakakuona, vile alivyokuwa akifanya yeye ukutani. Nililia huku napaka. Kilipokauka, Bwana Rashidi alikitazama sana, akasema hajawahi kuona kizuri kama kile, twende nacho kwenye harusi ya Nachingwea.

Tulipofika Nachingwea nikakiweka ndani kwa mama wa bibi harusi, nikaenda kula. Kurudi, hakipo. Shangazi wa bibi harusi akaja anatabasamu, mikono imelowa.

"Mwanangu, kitambaa chenu kilikuwa na matope ya safari. Nimekifua, nimekianika uani. Pete ya mtoto wetu italalaje kwenye uchafu?"

Uji wa muhogo haushindani na sabuni, dada. Marekani ilikuwa inapepea kwenye kamba, safi kama sanda, na yale maji mekundu yalikuwa bado kwenye beseni. Nikamwambia ahsante. Ningesema nini, na mwenzangu ametenda wema? Pete ikapigwa picha juu ya kanga ya bibi harusi. Bwana Rashidi akanituliza, "Usijali, Somoe, utapaka kingine."

Sasa ombi langu, ndilo lililonishikisha kalamu. Niliambiwa arobaini mmeisogeza mpaka mvua zipungue, na najua ikifika nyumba ya marehemu husiribwa upya. Mila siipingi. Lakini ule ukuta wa chumbani kwa mama, ulio kichwani pa kitanda chake, msiusiribe kwanza. Alama za vidole vyake zipo pale, na mahali pengine hazipo tena. Njia ikifunguka nitakuja niziguse, kisha mfanye mtakavyo. Nakuomba kwa ziwa tulilonyonya.

Niliishia hapo jana, nikimsubiri Mzee Bakari, mnunuzi wa ufuta, anibebee barua. Leo amekuja, kumbe anatokea hukohuko Kilimarondo kwa baiskeli yake, kwa njia za porini. Nikamuuliza habari za ule ukuta hata kabla sijampa kiti. Akavua kofia, akasema:

"Arobaini haikungoja mvua, mwanangu. Nyumba imeshasiribwa yote, ndani na nje. Dada yako huyo. Majirani walikuja na ndoo zao wamsaidie, kawakatalia. Kasiriba peke yake, kajifunga kanga ya marehemu."

Sikufichi, dada, nililia, na nilikukasirikia. Nilitaka kuichana barua hii. Halafu nikakuona umepiga magoti hapo ukutani, vidole kwenye udongo, na nikakumbuka ni nani aliyekuwa akikushika kiganja, akikuonyesha namna ya kukizungusha, mimi nikiwa mgongoni kwake nachungulia. Barua naiacha kama ilivyo, upate kujua nilichokuwa nakitaka. Hasira zimeisha.

Nisalimie Mjomba Hassani aliyeshuka kaburini kumpokea mama. Nisalimie shemeji, mwambie asikuache peke yako jioni. Nisalimie na Bibi Zena, jirani yetu aliyemwosha, mwambie sitamsahau.

Nikija, unilaze kwenye kitanda cha mama, kichwa upande wa ukuta wako.

Mdogo wako,
Somoe