Kitufe cha Saksafoni

Jumatatu, 3 Agosti 1992
Sijauza mtumba hata mmoja, na sijali. Theoneste wa kinanda kanifuata mnadani Nyakahanga. Shikamoo mpaka kainama — nikajua huyu ana shida. Kumbe anarekodi kaseti na Kampire, yule binti mwimbaji. Anataka mtu wa saksafoni. Nikamwambia umefika, mwenyewe ndiye mimi.
Vestina kacheka. Eti, Baba Xaveria, hayo meno yaliyobaki yatashika? Yatashika. Mke ni mke.

Jumanne, 4 Agosti
Nimeivuta saksafoni chini ya kitanda. Kuku katagia ndani. Vifuniko vinavuja, nimeziba kwa ngozi ya mbuzi. Kijiti cha mdomoni nimekiloweka kwenye rubisi, pombe yetu ya ndizi, kama enzi za bendi. Kupuliza mara moja tu, mbuzi wa jirani kakata kamba. Nguvu bado zipo.

Alhamisi, 6 Agosti
Kwa Theoneste. Magodoro ukutani, jenereta nje. Mpiga ngoma hakuna, besi hakuna. Nikauliza wenzangu wako wapi. "Wote wamo humu, mzee," akabonyeza kinanda, ngoma na besi zikalia. Kitufe kingine — saksafoni! Inalia kama mbuzi mwenye mafua, ila haikosei. Nilicheka sana. Moyoni sikucheka.
Sasa mimi wa nini? Theoneste kasema kesho tujaribu. Nikishindwa kwenda na mashine, anaweka kitufe. Kampire kanitetea: hicho kitufe hakina pumzi.

Ijumaa, 7 Agosti
Mara ya kwanza nimeharibu. Sisi wa dansi, mwimbaji anakupa jicho ndipo unaingia. Nikamngoja Kampire. Mashine hainaga macho, ikanipita. "Mzee, hesabu tu." Nikamjibu sijawahi kuhesabu, mimi huangalia viuno. Kampire kacheka mpaka kashika ukuta. Kasema basi atanipa jicho mapema.
Mara ya pili kanipa. Nikaingia kwenye chemko, pale wimbo unapokolea — utamu! Kinanda kikanyamaza, ndivyo kilivyopangwa. Mimi nikaendelea. Chemko haikatwi watu wangali wanacheza. Kampire naye akarudi kuimba, makofi juu. Mguu wa Theoneste nimeuona. Ulicheza.
Tulipomaliza kasema, "Mzee, umepitiliza." Nikasema ndiyo.
Petroli ya jenereta iliyobaki inatosha kurekodi mara moja tu. Akitaka kurudia kwa kitufe, ni sasa. Naandika hapa mlangoni, saksafoni ingali shingoni. Karudisha kaseti, anasikiliza pale kinanda kilipoishia. Karudisha tena, palepale. Kampire ananinong'oneza nisifungashe kwanza. Nani anafungasha? Nalowesha kijiti.