Kelele ya Gurudumu la Kushoto

Nyumba ya mwisho, nyuma ya kiwanda cha matofali
Jumamosi, tarehe 6 Desemba

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta umekaa, mguu juu ya stuli kama daktari alivyoagiza, na si jikoni umeegemea mkongojo ukikoroga sufuria, maana Bibi anasema anakujua. Goti linaendeleaje? Linakunjika sasa?

Sisi huku ni wazima. Mama amepona kikohozi. Mdogo wangu ameota meno mawili ya mbele na anamwonyesha kila anayebisha hodi, hata yule bwana wa kusoma mita ya maji.

Bibi alifunga sanduku lake wiki mbili zilizopita. Kila asubuhi analifungua, anapapasa kitambaa alichokushonea, kisha analifunga tena. Ndege bado hataki kuisikia. Anasema hawezi kupanda kitu ambacho huwezi kumwambia dereva asimame. Kwa hiyo ni gari la Baba au hakuna safari. Miaka kumi na moja hajakutia machoni, na juzi aliniuliza, kama mtu anayeuliza saa, ikiwa watu wazima hubadilika sura sana.

Baba ameshakupigia simu kukuambia kwamba hatukuondoka Jumatano iliyopita, ila tutaondoka keshokutwa na kufika Jumatano ijayo. Najua alikuambia ni beringi, akakata. Mimi nataka kukueleza yote, kwanza kwa sababu kosa lilikuwa langu, na pili kwa sababu nimeona jambo ambalo sijalimaliza kichwani. Barua nampa dereva wa basi la leo mchana, itatutangulia.

Gari lilianza kulia mwishoni mwa Oktoba. Kulikuwa na milio miwili. Wa kwanza ulikuwa kama mtu anagonga glasi chini ya kiti. Baba mdogo alilala uvunguni mwa gari nusu saa, akasema ni exosti, akaikaza, akatoka amejaa vumbi hadi kwenye nyusi, na mlio ukabaki palepale. Mama alipofagia ndani aliokota kijiko cha Bibi kilichopotea tangu mwaka jana. Baba mdogo hapendi tulitaje jambo hilo.

Mlio wa pili haukuwa kijiko. Ulikuwa mvumo wa chini, kama nyuki ndani ya debe. Baba alisema gari ni zee tu, kama bibi yenu. Bibi akajibu kutoka kiti cha nyuma, "Mimi nikikata kona silii." Baba akaongeza sauti ya redio, na kuanzia siku hiyo redio haikupunguzwa.

Shangazi, mimi niliusikia vizuri. Baba hunipeleka shule kila asubuhi, na kwa kuwa siongei, nasikiliza. Niliandika kwenye daftari langu nyuma ya mashairi: mvumo unaongezeka mwendo ukiongezeka. Baba akitoa gia gari likaserereka lenyewe, hauishi. Tukipinda kulia unakuwa mkubwa, tukipinda kushoto unafifia. Mara kumi na saba niliandika, na tarehe zake. Sikumwonyesha mtu. Niliogopa kwamba nikisema, gari litatangazwa bovu, na sanduku la Bibi litarudi juu ya kabati. Nilijiambia kwamba kunyamaza ni kumsaidia.

Jumanne, siku moja kabla ya safari, Mama alisema haingii ndani ya gari mpaka fundi aliangalie. Tukaenda kwa fundi wanayemwita Kimya, mwenye karakana ya mabati mkabala na kituo cha mafuta. Alifanya kazi ya kunyoosha bodi za magari kwa nyundo miaka thelathini, masikio yakaondoka. Sasa hasikii kitu. Anasoma midomo. Nilidhani Mama anatania. Nani anampelekea kiziwi gari linalopiga kelele?

Alimuuliza Baba mlio umeanza lini. Baba akasema, "Jana juzi tu, fundi, kamlio kadogo." Kimya akamtazama usoni kwa muda, kisha akacheka. "Mzee, mdomo wako unasema jana, macho yako yanasema Oktoba."

Mimi nikasema ninalo daftari. Niliiambia sakafu, kama kawaida yangu. Hakuna aliyegeuka ila Mama. Kimya aliona tu kwamba Mama ananitazama, akanijia, akaniambia taratibu, "Mwanangu, ukiongea na miguu yako, mimi nakosa. Inua uso."

Hujui ilivyo vigumu. Lakini hakukuwa na njia nyingine ya kumfikia mtu yule, na nikamwona Bibi pale kwenye benchi, mkoba magotini, tayari kwa safari. Nikainua uso, nikasoma daftari lote, kila baada ya mstari nikimtazama ili aone maneno. Nilipofika kwenye kupinda kulia, alinyoosha kiganja nisimame, akasema gari likipinda kulia uzito wote huangukia kushoto.

Alipachika jeki, gurudumu la mbele la kushoto likaning'inia. Akatoa kijiti kirefu cha mti mgumu, kimeng'aa kwa kushikwa, akaegemeza ncha moja kwenye chuma nyuma ya gurudumu na nyingine akaiuma kwa meno. Akafumba macho. Kwa mkono akalizungusha gurudumu polepole. Karakana nzima ilikuwa inagonga na kuchomelea vyuma, na yeye alikuwa amesimama katikati kama mtu aliye peke yake msikitini au kanisani. Kisha akafuta kijiti, akanipa mimi.

Shangazi, nilikiuma. Aliinua pia gurudumu la kulia, lililo zima, akaanza nalo, na kichwani mwangu ikapita sauti laini kama hariri inavutwa juu ya meza. Sikuisikia kwa masikio. Ilipanda kwenye taya. Halafu la kushoto. Mchanga ukisagwa. Mawe madogo yakivunjana ndani ya fuvu langu. Mwezi mzima tulikuwa tumekaa juu ya kitu kile tukisikiliza redio, na mtu asiyesikia ndiye aliyekisikia.

Alipoitoa beringi, ile pete ya chuma yenye gololi ndani inayoliwezesha gurudumu kuzunguka, gololi mbili zilikuwa zimepasuka na nyingine zimeliwa kama meno mabovu. Akamwekea Baba kiganjani. "Milimani ingekuacha," alisema. "Ungeliona gurudumu lako linakupita." Baba alizigeuzageuza gololi zile, akamtazama Bibi, akaenda kusimama nje kidogo.

Beringi mpya ilifika jana. Tulilijaribu gari barabara yote ya mzunguko, redio imezimwa. Kimya kitupu, isipokuwa Bibi aliyeuliza kama tumeshawasha injini. Njiani nilimweleza Baba kwamba nilijua tangu mwezi uliopita. Alikata kona mbili, kisha akasema na yeye alijua, ndiyo maana ya redio.

Msalimie mjomba na wale mapacha, na jirani yako mshonaji anayekuletea maji. Mama anakubusu, Bibi anasema usipike kitu. Mungu ailaze barabara mbele yetu na aliponye goti lako ulifikie geti kwa miguu yako mwenyewe.

Uliniita Kasuku kwa sababu nilipokuwa na miaka minne sikufunga mdomo. Nimekuwa nikiogopa kwamba utafungua mlango umkute mtoto mwingine, anayeongea na viatu vyake. Jumatano utanisamehe kama sauti itakuwa ndogo. Lakini nitakuwa nimeinua uso.

Wako, mwenye hamu kubwa ya kukuona,

Kasuku