Majina Mawili ya Kwanza

Nyahanga, Kahama
14 Machi 2025

Mama yangu mpendwa Mbuke,

Shikamoo. Natumaini mguu umepoa na mvua imewafikia hapo Ushirombo. Mimi ni mzima, ila usingizi umenipungua.

Dada Violeth ameniambia bado unamwekea Ngusa michembe, vile viazi vitamu vikavu, kwenye kopo lake. Nimekumbuka kaka alivyokuwa akila kipande kimoja na kunitilia kingine mfukoni, nikaona nikuandikie.

Unajua kule machimboni niliandika programu kwa Python. Kila aliyeshuka duarani, yaani kwenye shimo la dhahabu, aliandikwa, na programu ikaonyesha majina kama mafaili ndani ya folda. Ukiifungua, kompyuta huiuliza programu humo kuna nini, nayo hujibu kwa orodha. Orodha huanza na nukta moja, yaani folda yenyewe, kisha nukta mbili, yaani folda iliyo juu yake. Msimamizi wetu, Mageni, alipoziona kwenye karatasi ya majina alicheka, akauliza hao nukta wanachimba zamu gani. Asubuhi ya siku ile ya maafa nikaziondoa haraka haraka, gari la kazini likipiga honi. Sikujaribu kama inafanya kazi.

Saa nane mchana udongo ukaanza kushuka. Watu wakapanda mbio. Mageni akasoma majina mdomoni mwa duara: tisa, na tisa wakaitika. Mzee Ndaki, mchimbaji mwenzao, akasema hajamwona Ngusa wala Mayala, waliotangulia kushuka hadi chini kabisa. Mageni akamwambia kompyuta haihitaji miwani kama yeye. Wakazima mashine ya hewa. Jioni greda likalifukia duara.

Ninyi mkaambiwa wawili hao wamekimbia na dhahabu.

Mama, hawakukimbia. Juzi niliifungua programu. Nilikuwa nimezifuta nukta kwenye mstari mmoja, kisha kwa haraka nikaandika chini yake kwamba vitu viwili vya kwanza vikatwe. Nukta hazikuwapo tena. Vilivyokatwa ni jina la Ngusa na la Mayala. Kosa ni langu, kwa mkono wangu.

Mageni naye anajua. Amekuja mara mbili kuitaka kompyuta. Jana aliniuliza, kwa upole sana, kama mama yangu bado analala peke yake. Kesho naipeleka polisi. Wewe ukishasomewa barua hii, nenda kwa shangazi Bernadina, ulale huko.

Wasalimie wote. Michembe usiimwage. Na mkimkumbuka Ngusa, mnikumbuke na mimi.

Mwanao,
Stanslaus