Uzi Mwekundu wa Tullio Umo Mfukoni Mwangu

Bi Ottilia mpendwa wa safu ya mashauri gazetini,

Anayekuandikia ni mshindi wa mbio za viatu vya theluji za siku ya Mamajusi hapa Vigonda, mzee wa miaka sabini na tatu aliyewaacha vijana wa mjini na suruali zao za kubana wakihema nyuma kama mbwa wa kiangazi. Haya, si mshindi. Nilikuwa wa mia moja na kumi na mbili, na mbele yangu alikuwamo mama mmoja aliyebeba mtoto mgongoni, lakini naomba msaada hivyohivyo, maana hata wa mia moja na kumi na mbili ana dhamiri, na yangu inaniwasha kama fulana ya sufu. Unanijua ingawa hujui: mimi ndiye niliyelivuta kwa trekta gari lako jekundu lilipoingia mtaroni kwenye kona ya kinu, ukaniambia, "Mzee, siku ukiwa na shida niambie."

Sasa ninayo. Sisi ni watatu, mimi, Livio fundi bomba, na Tullio ambaye niko naye tangu darasa la pili, na kila mwaka tunakimbia pamoja, na sheria yetu ni moja tu: wa mwisho kati yetu ndiye anayevaa aproni ya maua na kusonga polenta, huo ugali wetu wa mahindi, ya kijiji kizima mbele ya kanisa, saa nzima, kwa mwiko mrefu kama mpini wa jembe, watu wakipita na kumzomea. Miaka mitatu mfululizo nimevaa mimi. Aproni imeshachukua umbo langu. Mwaka huu nikaapa kwa marehemu mama yangu kwamba hapana.

Viatu vyetu vya theluji tulivinunua siku moja, duka moja, vya plastiki ya rangi ya chungwa, vipana kama ungo, vinafanana kama mayai, ila vya Tullio vina uzi mwekundu wa sufu alioufunga mkewe Gemma kwenye mkanda kabla hajafa, ili asivichanganye na vyetu. Basi tukapanda msitu, theluji mpya, laini kama unga, hadi kibanda cha Malgarossa ambapo kila mkimbiaji hupewa kikombe cha divai ya moto, na hatua kumi kabla ya mlango, tap!, mkanda wangu wa kushoto ukakatika. Sikusema. Wenzangu wakavua viatu, wakavichomeka thelujini, wakaingia kunywa, nami nikasema nakwenda kukojoa, nikafungua uzi wa Gemma, nikautia mfukoni, nikavaa viatu vya Tullio na vyangu nikamwachia.

Ningeishia hapo lingekuwa jambo dogo. Lakini Livio akatoka mbio, na Tullio akatoka nyuma yake, akainama.

"Anselmo, mkanda huu umekatika lini?"

"Si ulikatika kule kwenye chemchemi? Umesema mwenyewe."

"Nimesema mimi?"

"We bwana, kikombe kimoja tu, tayari umelewa?"

"Na uzi wa Gemma uko wapi?"

"Uzi ulipotea mwaka juzi, Tullio. Ulilia hapahapa mlangoni. Umesahau?"

Hilo la kulia, Bi Ottilia, sijui lilitoka wapi, ulimi wangu ni mbuzi aliyekata kamba. Nikakimbia zangu. Tullio alifika saa mbili baada yangu, kiatu kimoja mguuni, kingine kwapani, anazama hadi pajani kila hatua ya pili, na watu wanamwita, "Tullio, ulipitia Austria?" "Mwacheni, alikuwa anapima kina!" Akavaa aproni. Kila akigeuza mwiko nilimsikia akijisemea, "Mwaka juzi. Nililia."

Sasa anaandika vikaratasi. Jikoni: "Zima." Kwenye banda la kuku: "Umefunga?" Kuku wenyewe ameshawagawa. Amempigia simu binti yake Mirella kwamba akili imeanza kumtoka, na Jumamosi Mirella anakuja na gari la mizigo kumchukua akakae kwake mjini, ghorofa ya sita, mtu ambaye hajawahi kulala mahali pasiposikika kijito. Nikisema ukweli nampoteza rafiki, nikinyamaza nampoteza pia, ila kwa heshima. Nipe shauri lisilo na kukiri ndani yake. Na jina langu usilitaje.

Mzee wa trekta

*

Mzee Anselmo,

Jina umelitaja mwenyewe, usije ukanilaumu. Nakujibu kwa posta kabla ya kuchapa lolote, kwa sababu Jumamosi haitasubiri gazeti.

Nilicheka hadi kwenye aproni. Kwenye vikaratasi nikaacha. Kuukimbia mwiko kwa kuiba viatu vya rafiki ni utoto, na utoto unaisha kwa chupa moja ya divai. Lakini ulimwambia mzee wa watu kwamba alimlilia mkewe na akasahau, naye akakuamini, maana nani mwingine anamjua tangu darasa la pili? Huoni haya? Naona unaona, ndiyo maana umeandika. Hilo nakupa.

Shauri lisilo na kukiri sina, kaulize duka la dawa. Leo hii mpigie Mirella simu umweleze kila kitu wewe mwenyewe. Ukimwachia baba yake, atadhani mzee anajitetea. Ukikata simu, nenda kwa Tullio na uzi mkononi. Usianze na utani. Najua utatamani. Uweke mezani, sema ulichofanya, na kukojoa kwako kote, kisha ufunge mdomo hadi yeye aseme. Akikurushia kitu, usikwepe sana. Alhamisi nenda baani, rudia yote mbele ya hao waliomuuliza habari za Austria. Kisha panda Malgarossa, ushuke hadi kanisani mchana kweupe, kiatu kimoja mguuni, kingine kwapani, nawe uone kina chake.

Ikifika Jumamosi hujafanya, nachapa barua yako pamoja na picha yako ya mwaka jana ukiwa na aproni. Ninayo. Maua yanakupendeza.

Ottilia

*

Bi Ottilia,

Chapa tu, na jina weka. Mirella alinitukana robo saa nzima, kisha akalia, kisha akaniuliza kama baba yake anakula vizuri. Jumamosi amekuja na gari la mizigo na ameondoka nalo tupu, ila jibini.

Tullio aliutazama ule uzi muda mrefu. Akasema, "Kwa hiyo sikulia."

Nikasema, "Hukulia."

"Ila ningeweza."

"Ungeweza."

Nikafunga mdomo kama ulivyoniagiza, jambo lisilo na shahidi na ambalo hakuna atakayeliamini. Halafu akabandua kile kikaratasi cha jikoni cha "Zima" akanibandika mdomoni. Nilikaa nacho hadi kahawa ikaiva.

Faini yangu ni trekta: liko kwake hadi Pasaka, anavutia kuni. Kuku wanarudi mmoja mmoja, isipokuwa yule wa padri, ambaye ameliwa. Baani nimekiri, wamenizomea vizuri sana. Na mlima nimeushuka kama ulivyosema, Livio nyuma yangu akihesabu kwa sauti, nimezama mara mia tatu na nane, na sasa nyonga haitaki kusikia habari ya kutembea.

Kwa hiyo lile neno uliloniahidi kwenye kona ya kinu nalidai leo, maana shauri ulinipa bure kama unavyowapa wote. Alhamisi ijayo saa kumi jioni kuna karata baani. Tullio ameniwekea kiti. Wewe unapita mlangoni kwangu ukirudi nyumbani, basi nichukue. Ila kwenye kona nenda polepole, maana ukiingia mtaroni tena itabidi twende tukamwombe Tullio.

Anselmo