Mtazame Mama Tu

Pujini, Pemba
Ijumaa, alasiri

Kwako dada yangu Maisa,

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Natumai huko Unguja u mzima wa mwili na kazi inakwenda. Sisi hapa hatujambo. Mama anakohoa kidogo, na goti la Bibi linamsumbua anapoinuka kusali, lakini anakula vizuri na ulimi wake ni ule ule. Mimi nasoma. Mtihani wa fizikia umepita, na swali la lenzi nililijibu lote.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu Bibi hutaka sauti iwekwe juu naye asikie, na pia kwa sababu nikizungumza nawe hunishinda kwa maneno, nami hubaki kuitikia tu. Karatasi hainikatizi.

Ulipokuja likizo na kamera ile ya mviringo, ambayo Bibi aliiita zimwi la macho manane, ulinieleza kazi yenu, nami nilifurahi kwa kuwa hukunieleza kama mtoto. Ulisema jicho la mtu haliwezi kuona karibu na mbali vizuri kwa wakati mmoja. Nikitazama kidole changu, ukuta ulio nyuma yake hufifia. Miwani ya zamani ya kuvaa kichwani, ile inayomfanya mtu ajione yumo ndani ya picha, ilionyesha kila kitu wazi sawasawa, na watu wakaumwa kichwa. Nyinyi mmetia ndani ya miwani kamera ndogo zinazofuata mboni, ili kinachotazamwa kiwe wazi na kilichobaki kififie, kama jicho linavyofanya lenyewe. Wiki ile nilitembea nikitazama kidole changu mpaka Mama akaniuliza kama nimechomwa na mwiba.

Ukataka kupiga picha uani kwetu siku ya Ijumaa asubuhi, kama tunavyokaa. Mama akune nazi mbele, na Bibi awe nyuma kwenye mkeka, anaanika nywele baada ya kukosha. Bibi alikataa. Alisema nywele zake hazijaonwa na mtu asiye maharimu yake tangu alipovunja ungo, na hata fundi wa umeme akija yeye hukaa chumbani. Ulimwambia asihofu, atakuwa ukungu tu. Akacheka, akasema yeye kamera haijui, na wewe maneno yako ni matamu mno, basi Nadhira atazame kwanza, kwa kuwa Nadhira hajui kusema uongo.

Ukafanya picha ya majaribio, Bibi akiwa na mtandio wake kichwani. Ukanivisha miwani na kuniambia nimtazame Mama tu, nisimwachie. Nilifanya hivyo. Niliona kila chembe ya nazi ikianguka kutoka kwenye mbuzi, na huko nyuma Bibi alikuwa moshi mweupe, hana uso wala umbo. Nikavua miwani nikamwambia haonekani, yeye ni moshi tu. Akasema moshi hauna nywele wala umri, basi na tuanze. Akavua mtandio.

Dada, mimi sikufikiri. Najua lenzi, najua mboni, lakini uliniambia nitazame wapi nami nikatazama huko.

Jumatatu iliyopita mwenzako Fahd alikuja skulini kwetu na miwani. Mwalimu Ishak alitukusanya chumba cha kompyuta, wasichana na wavulana, na anachokiona aliyevaa kikawa kinaonyeshwa ukutani. Nilipopaona uani kwetu nilikaribia kusema kwamba pale ni kwetu, lakini unanijua, sikusema. Hafiz ndiye aliyevaa wa kwanza. Akamtazama Mama kidogo, kisha macho yake yakaenda nyuma, kwa sababu macho ya mtu huenda popote. Mama akafifia na mbuzi yake. Na ule moshi ukaanza kujikusanya. Likaja sikio, ikaja shingo, kisha nywele za Bibi, unywele kwa unywele, na hina yake, na pale utosini zilipopungua. Muadh akasema bibi huyu kajipaka hina anangoja posa. Darasa zima likacheka. Mwalimu Ishak akawanyamazisha, lakini na yeye alikuwa anatazama.

Fahd akaniita mimi. Nilivaa kwa kuwa sikujua nikatae vipi. Niliyakaza macho kwenye mbuzi ya nazi. Akaniambia kwa upole niinue macho, wenzangu wanangoja. Nikayafumba. Akasema miwani imepotewa na macho yangu, akanivua.

Baadaye nilimuuliza kwa nini anataka kila mtu atazame nyuma. Alinijibu kwa furaha, hakujua mimi ni nani. Alisema wewe ndiye uliyewafundisha kumwambia kila mgeni amtafute bibi wa nyuma, kwa sababu ufundi wenu unaonekana zaidi kwenye nywele kuliko mahali pengine. Alisema tangu mwanzo ulimweka nyuma kwa ajili hiyo. Mwezi ujao picha itakuwa kwenye maonyesho hapo mjini, kwa watalii na kwa yeyote apitaye.

Tangu mwanzo, Maisa. Ulijua, na mimi ukanitia mbele kwa sababu Bibi ananiamini.

Jana nilimwambia. Sikuweza kuendelea kumpelekea chai na kumtazama usoni. Tulikuwa sisi wawili tu ndani, mlango umefungwa, lakini aliuvuta mtandio mpaka kwenye nyusi. Kisha akaniuliza jambo moja: Maisa alijua?

Nilimwambia hukujua. Nilisema mashine ilikuhadaa kama ilivyonihadaa mimi. Akashusha pumzi, akasema Alhamdulillahi, basi mtoto hana kosa, akainua mikono akakuombea. Dua ile umeipata kwa uongo wangu, na yeye ameupokea kwa kuwa ni mimi niliyesema. Nimekusitiri wewe, na yeye bado yuko wazi ndani ya miwani yenu.

Sikuombi fedha wala zawadi. Naomba picha ile ifutwe kabla ya maonyesho, na uje umwambie Bibi mwenyewe. Akiniuliza mara ya pili, sitaweza kujibu kama jana.

Mama anakusalimu, anasema usilale na njaa. Bibi anakusalimu sana na anauliza lini utakuja. Leo kakosha nywele kama kila Ijumaa, lakini hakutoka kwenda uani. Kazianika chumbani na dirisha kalifunga. Sasa hivi nimezigusa, bado mbichi.

Wassalamu alaykum,

Mdogo wako,
Nadhira