Albamu za Sikio la Kushoto

Jumatatu, 8 Julai
Nimewaongoza watalii wanne kreta. Ukungu hadi saa nne. Mzee mmoja aliniuliza jina la ndege mara tatu. Alikuwa kushoto kwangu, sikumsikia. Aibu.
Wiki ijayo napasuliwa sikio la kushoto Moshi. Daktari hakunificha: “Mama, uvimbe unakula mfupa. Lazima utoke. Usikivu wa sikio hilo siwezi kukuahidi.”

Jumanne, 9 Julai
Kaka yangu Boay, anayerekodi kwaya hapa Karatu, kaniletea hedifoni zake kubwa. “Sikiliza unachokipenda, dada. Sasa hivi.” Nilikasirika. Kama ananiaga.
Jioni nikazivaa. Albamu ya dansi aliyoipenda baba. Tangu utoto najua magitaa ni mawili. Kumbe matatu! La tatu liko kushoto kabisa, linanong'ona. Hafifu, lakini lipo. Maharage yalibaki kwenye ungo, sikuchambua hata moja.

Alhamisi, 11 Julai
Albamu ya kwaya ya usharika wetu, kazi ya Boay mwenyewe. Kabla ya wimbo wa kwanza, waimbaji wote wanavuta pumzi pamoja. Nywele zilinisimama. Watu ninaowasalimia sokoni!

Jumamosi, 13 Julai
Niliwashusha wageni hotelini, nikazima gari ukingoni mwa kreta, nikavaa hedifoni. Nyimbo za Kimaasai zilizorekodiwa Kakesio. Hakuna ala hata moja. Sauti za wanaume chini, nzito, kama ardhi inaguna. Kisha mwanamke mmoja anaanza kulia, sauti yake inavuka kichwani mwangu hadi kushoto, inapotelea huko. Kreta yote ilikuwa mbele yangu, sikuiona.
Naogopa. Naogopa sana.

Jumapili, 14 Julai
Tumegombana. Mume wangu Tluway kanitania, eti mke wa sikio moja hatamsikia mumewe akikoroma. Nililia. Akaomba hedifoni. Yeye husikiliza mpira tu redioni. Alisimama katikati ya sebule, kofia mkononi kama yuko kanisani, mpaka albamu ya dansi ikaisha.
“Kumbe huwa unasikia yote haya?”
“Ndiyo.”
Alinishika sikio, taratibu.

Jumatatu, 15 Julai
Moshi. Kesho asubuhi. Sina la kuandika.

Jumamosi, 27 Julai
Bandeji imetolewa. Daktari alisugua vidole karibu na sikio la kushoto. Niliona vidole vikienda. Hakuna kitu. Uvimbe wote umetoka, alisema, nishukuru. Nashukuru. Nimelia kuanzia Moshi hadi Makuyuni, Tluway akiendesha.

Jumatano, 31 Julai
Hedifoni ziko juu ya kabati. Sizitaki. Boay alikuja, akabadilisha kitu kwenye simu yangu ili sauti za pande zote mbili ziingie sikio la kulia. “Ukiwa tayari,” alisema. Nilimpa chai, nikamnunia.

Jumapili, 4 Agosti
Baada ya ibada nimezivaa. Sikutaka albamu yoyote ninayoijua. Nimechagua ya binti mmoja wa Mbulu, mgeni kabisa kwangu. Sauti yake na zeze, basi. Anaimba Kiiraqw polepole, anaacha nafasi kati ya neno na neno, na ndani ya nafasi hizo kidole kinasikika kikiteleza kwenye uzi. Nilisahau kupika. Tluway alichungulia mlangoni, akarudi zake jikoni kuwasha moto.
Ilipoisha nimeianza upya.