Kona ya Machimboni

Fagernes, Jumatano, 11 Juni

Kwako dada yangu Ingunn,

Pokea salamu nyingi kutoka huku bondeni. Natumaini barua hii itakukuta bega linaendelea kuunga, kifundo cha mguu kimeanza kukubali kukanyaga chini, na mwanao Åse anakulisha vizuri bila kukuamrisha sana. Mimi afya ninayo, ila kutulia ndiko kumenishinda. Tangu nianze mistari hii nimeinuka mara nne: kuchungulia dirishani, kuteleka kahawa, kwenda bandani kukaza skrubu ambazo tayari zimekaza, kisha kurudi. Utashangaa kwa nini nakuandikia na simu ipo. Nimekupigia mara tatu wiki hii, na mara zote nimeishia kukueleza habari za mvua.

Pikipiki yako ingali kwangu. Nimenyoosha usukani, nimebadili kioo cha kushoto na mkono wa klachi, na juzi nimeiwasha. Iliitika mara ya pili tu. Yule daktari wa meno wa Hamar anayetaka kuinunua amesema atakuja kuichukua Jumamosi. Aliniuliza kama itamfaa kwendea kazini. Kazini, dada! Pikipiki iliyokufikisha Nordkapp, mwisho wa nchi kaskazini, mara mbili! Nilikata simu kwa hasira, ingawa mtu mwenyewe alikuwa mpole.

Jana kwenye klabu yetu ya pikipiki tulikutana kama kila Jumanne. Kiongozi wetu Torgeir alichoma soseji, nyingine akaziunguza, akadai ndivyo anavyozipenda. Maneno yalianza kwenye oili, yakaenda kwenye tairi, yakaishia kwa Oddmund kama kawaida. Torgeir alimwambia kwamba pikipiki yake imeona matambara mengi kuliko barabara, na kwamba cheni ikimchomoka tena watamfunga kamba wamvute kama mbuzi. Oddmund akajibu kwamba heri kuvutwa kuliko kuongozwa na mzee anayesimama kila penye choo.

Kisha wakakugusia wewe. Oddmund alisema, “Ingunn siku hizi hata ng'ombe akisimama katikati ya njia, atampita huku anauliza ng'ombe wako wapi.” Wakacheka. Nami nilicheka, dada, tena kwa sauti. Torgeir aliwanyamazisha, akasema macho ya kila mtu yatachoka siku moja na si jambo la kumwaibisha mtu. Halafu akakitoa kile kizibao chako cha rangi ya machungwa msumarini, akanivika mimi. Akatangaza kwamba kuanzia sasa mfunga msafara, yule wa nyuma kabisa, ni Ketil. Walipiga makofi. Kizibao nimekitundika nyuma ya mlango, na mlango wenyewe nimeuacha wazi nisikione.

Åse ananieleza mambo yako, usimkasirikie. Anasema umeacha kuendesha hata gari. Daktari amekupima macho mara mbili, akakuambia ni mazima, nawe humsadiki. Anasema mkisimama kuvuka barabara unamshika mkono na kumuuliza kama taa kweli ni ya kijani. Wewe, uliyenifundisha kuendesha, unamuuliza mtoto wako rangi ya taa.

Sasa naomba ukae vizuri, uisome sehemu hii polepole.

Sheria ya msafara nimeipata kwako. Kiongozi akifika penye kukata kona, anamwacha anayemfuata asimame pale aonyeshe njia. Huyo haondoki mpaka amwone mfunga msafara mwenye kizibao, hata kama atakaa saa nzima. Na mahali pasipo na mtu, unanyoosha mbele. Ndiyo maana Jumamosi ile ya ajali, kwenye njia mpya ambayo ni Torgeir peke yake aliyeijua, hapakuwa na haja ya ramani.

Pale panapogawanyika njia ya machimboni, Torgeir alininyooshea kidole nisimame. Msafara ulikata kushoto kuelekea ziwani. Walipita tisa. Kisha kimya. Nilijua cheni ya Oddmund imechomoka huko nyuma, nawe umebaki naye kumsaidia. Nilizima injini, nikaiwasha, nikaizima tena. Ng'ambo ya ziwa niliwasikia wenzangu wanapanda zile kona za mlimani, lami ikiwa kavu kwa mara ya kwanza tangu Oktoba, na mlio wao ulikuwa unafifia. Miguu iliniwasha. Hatimaye Oddmund akatokea peke yake, akanipungia mkono, akakata kushoto. Nilijua bado nakungoja wewe. Nilijiambia uko karibu nyuma yake, utamwona anavyokata.

Nikaondoka.

Kumbe ulikuwa bado unafungasha vifaa vyako. Ulipofika, kona ilikuwa tupu, ukanyoosha mbele kama sheria inavyosema, ukaingia kwenye kokoto za machimboni ukaanguka, na huko ndiko walikokukuta. Hospitalini, kabla hawajakuingiza kupigwa picha za mifupa, ulinishika mkono wa koti ukaniuliza kama nilikuwa pale. Nikakujibu kwamba nilikuwepo. Oddmund akaapa kwamba aliniona pale kwa macho yake, na hakusema uongo. Uongo ulikuwa wangu peke yangu. Wewe ukageuza uso ukutani, ukasema basi umempita ndugu yako wa damu bila kumwona.

Hukunipita, Ingunn. Sikuwepo. Ulitazama vizuri, ukaona kile kilichokuwepo, yaani barabara tupu. Wiki tatu nimekuacha uyatilie shaka macho yako kwa sababu niliona haya kusema kwamba nimeshindwa kusimama mahali pamoja. Nimeona haya mbele ya watu wa soseji na oili, nikasahau kukuonea haya wewe.

Jumanne ijayo nitakirudisha kizibao, nami nitawaeleza nikiwa nimesimama mbele yao wote, Oddmund akiwemo. Nilitaka wewe usikie kwanza. Daktari wa meno nimemwambia leo asije mpaka nimpigie, na sitampigia mpaka wewe mwenyewe uniambie. Ukiamua kuuza, uza kwa sababu umeichoka pikipiki. Usiuze kwa ajili yangu. Nitakuelewa pia ukikaa muda mrefu bila kutaka kuisikia sauti yangu.

Nisalimie Åse, na umsomee barua hii ukiona inafaa, maana naye amebeba mzigo usio wake. Mguu usiuharakishe. Sasa naifunga bahasha niikimbize posta kabla hawajafunga, kwa kuwa ikilala humu ndani najijua, kesho nitaichana.

Ni mimi mdogo wako, ambaye hakukungoja,

Ketil